Mkono Ulioingia Kabla Yake

Sauti ya langoni ilikuwa ya mzee mwenye kifua kizito, sauti aliyotengenezewa mfalme asiyekuwepo. Kwa miaka minne mfululizo ilikuwa imemwambia Konsolata Kindole maneno yaleyale: "Karibu katika Ufalme wa Nguzo, ewe fundi. Mkono wako unajulikana." Mwaka huu aliweka ngao yake ya milulu juu ya kioo cha kipimamkono, akasubiri, na alikuwa ameshainama kubeba furushi lake pale sauti iliposema, "Mkono huu umeshaingia."

"Umeingia wapi?" Konsolata akauliza. "Mimi ndiyo kwanza nafika."

Sauti haikuwekewa jibu la swali la namna hiyo, kwa hiyo ikarudia yaleyale. Nyuma ya Konsolata malaika wawili, mchawi mwenye miwani na jitu lililovaa viatu vya mbao walianza kuguna. Jua la Julai lilikuwa limeshapanda na mabawa ya kukodi yalikuwa yanawasha.

Mlinzi wa lango, msichana aliyepakwa rangi ya kijani mpaka masikioni, akasugua kioo kwa kiganja chake na kuiweka ngao tena. Kisha akaweka kofia ya shujaa, na baada ya kofia akaweka podo la mishale, vyote vya milulu, zile nyasi ndefu za mabondeni ambazo wanawake wa Iringa husukia vikapu tangu enzi za bibi zao. Kila kimoja kilipata jibu lilelile.

"Mama, samahani," msichana akasema. "Mashine inasema mkono wako umeingia tangu asubuhi. Banda la kumi na tisa. Fidea Mlowe."

"Ndiye nani?"

"Sasa mimi nitajuaje, mama? Labda ndiye wewe."

Akamfungia utepe wa njano kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mkaguzi angepita saa tisa. Mpaka hapo Konsolata angeruhusiwa kupanga bidhaa zake, ila asiuze hata kishikio cha kikombe.

*

Mtu asiyewahi kufika Ufalme wa Nguzo angedhani watu wazima wamerogwa. Kila Julai, katika bonde lenye nguzo za udongo nje ya mji wa Iringa, walikusanyika watu kutoka Dar es Salaam, Lusaka na Nairobi, watu wenye vyeo na mikopo ya nyumba, wakavaa pembe na mikia na kuishi siku tatu wakiwa majitu, malaika, mashujaa na mazimwi. Konsolata mwenyewe alikuwa ameandikwa "Mchawi wa Milulu" bila kuulizwa. Katekista wa kigango chake alipolisikia hilo, alimwombea sala ya ziada Jumapili nzima.

Lakini Ufalme ulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyomleta Konsolata: kitu kisichotengenezwa kwa mkono wa mtu hakiingii. Huko nje hata kijiko cha chai kilichapwa na mashine kwa dakika mbili, na mashine zilikuwa zimejifunza kuharibu kidogo kwa makusudi ili kijiko kionekane cha kuchongwa. Macho ya mtu yalishindwa. Ndipo kikaja kipimamkono, ambacho hakisomi sura wala alama za vidole, kinasoma kazi yenyewe. Kila anayevuta unyasi huvuta kwa nguvu zake, husita kwa namna yake na huchoka kwa mpangilio wake. Waliwahi kujaribiwa mapacha waliofundishwa na mama mmoja kwenye mkeka mmoja, na kifaa kikawatenganisha bila shida. Fundi aliyesajiliwa mkono wake aliuza popote palipoandikwa "kazi ya mkono", na aliyefutwa alihesabiwa mwigaji mpaka kufa kwake.

Kwa hiyo Konsolata alipokuwa anapanga ngao zake, hakuwa na mawazo ya maonyesho. Alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Ukifutwa mkono wake, kesho atakuwa nani? Na wapita njia walishauona utepe wa njano. Shujaa mmoja mwenye upanga wa mninga alikuja mpaka mezani, akautazama ule utepe, akarudi kinyumenyume huku akitabasamu kwa adabu. Minong'ono ilianza palepale, maana mazimwi yanapenda umbea kama watu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Konsolata alijisemea. Alifunika bidhaa zake kwa khanga, akaingiza utepe ndani ya mkono wa sweta, akaenda kulitafuta banda la kumi na tisa.

*

Fidea Mlowe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye mabawa ya buluu yaliyokaa upande. Konsolata alimchunguza kutoka nyuma ya nguzo ya udongo kabla ya kusogea, na kila alichokiona kilimpa sababu ya kumshuku. Mikono ya gauni lake ilishuka mpaka kwenye vidole, jua lote lile. Aliwachekea wateja upesi mno. Tena hakuwa akitazama alichokuwa anakisuka. Vidole vilikwenda vyenyewe na macho yake yalikuwa njiani, mithili ya mtu anayengoja kukamatwa.

"Shikamoo mama, karibu," Fidea akasema.

"Marahaba. Naangalia tu."

Alichukua kikapu cha kwanza akakigeuza. Alikuwa amekuja akiamini kwamba mtu ameiba ghalani kwake, na kitako kikathibitisha: kilianzwa kwa msokoto wa kushoto, kama anavyoanza yeye, kwa sababu aliumwa na nyuki utotoni na kujifunza na kidole kimoja kikiwa kimevimba. Hakuna mwanamke mwingine aliyeanza hivyo. Lakini milulu yenyewe ilimkataa. Ilikuwa minene, yenye wekundu kwa mbali, milulu ya Njombe. Katika maisha yake yote Konsolata hakuwahi kusuka milulu ya Njombe. Hiki kikapu hakikuibwa kwake. Kilisukwa na yeye bila yeye kuwepo.

Akapitisha kidole gumba ndani, mzunguko kwa mzunguko. Kwenye mzunguko wa saba palilegea mara moja. Kwenye wa tisa palilegea tena. Na kwenye wa kumi na moja palilegea mahali patatu pamoja, pakiwa pana kiasi cha kupitisha punje ya mtama.

Alichukua kikapu cha pili, na cha tatu. Saba, tisa, kumi na moja. Vyote sawasawa.

Kwao, mkono unaovuta hauitikii salamu. Ndivyo mama yake alivyomlea. Mkubwa akipita na kusema "Kamwene," msukaji anaachia nyasi, anaweka viganja pamoja, anaitikia, kisha ndipo anakamata tena. Kwa hiyo vikapu vya nyumba yao vililegea hapa na pale, na watu wa kijijini waliwatania kwamba unaweza kuhesabu wageni wa Konsolata kwa kutazama kikapu chake. Hakuna kilichofanana na kingine, kwa sababu hakuna siku iliyopata salamu sawa na nyingine.

Ila hivi vitatu vilikuwa vya siku moja, na yeye aliifahamu siku yenyewe.

Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma. Watafiti walikuja kijijini na gari jeupe, wakawavika wanawake sita glavu za vipimo nyembamba kama ganda la kitunguu, wakawaambia wasuke siku nzima. Walisema wanachunguza maumivu ya viungo. Waligawa sukari na sabuni, wakachukua alama ya dole gumba, wakaondoka. Asubuhi ile alipita mama mkwe wake akienda kisimani. Baadaye akapita katekista. Na mchana alikuja mama yake mzazi, kwa miguu kutoka Kalenga, akasimama mlangoni na kusalimia kwa kirefu kama kawaida yake, akiwaulizia watoto wote watatu, mmoja mmoja kwa jina. Kabla ya wiki ile kuisha walikuwa wamemzika.

Konsolata alikirudisha kikapu mezani, akauvuta utepe wa njano nje ya sweta.

"Wamekuuzia wapi mkono wangu?" akauliza.

*

Fidea hakukana. Hilo lilimshtua Konsolata kuliko kitu kingine, maana alikuja na maneno yake tayari kama mtu anayekwenda baraza la kata. Yule dada alifunga pazia la banda, akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. Ngozi ilikuwa imejikunyata na kung'aa, na kando ya mfupa palikuwa na mstari mrefu wa mshono.

"Umeme," akasema. "Mashine ya kusaga ya baba mkwe. Walinibakizia mikono, ila ilikuwa imekufa. Miaka miwili nimelishwa, mama. Nimeoshwa na mama mkwe wangu, kila mahali. Unajua aibu hiyo?"

"Endelea."

"Kituo cha viungo wakanitia mishipa mipya. Lakini mishipa mipya haijui kitu, ni kama mtoto mchanga. Inataka kupewa mwendo wa mtu aliyekuwa na mikono mizuri, ifuate hapohapo. Wakasema wanao mmoja safi sana. Wakasema mwenyewe alishafariki, nimwombee." Fidea alimtazama, machozi yakamjaa. "Nimekuombea kila Jumapili."

Konsolata alikaribia kucheka, akajizuia, kisha akakasirika kwa kukaribia kucheka. Machozi hayana kipimo chake, aliwaza. Mtu akiweza kutembea na mkono wa mwenzake atashindwaje kulia machozi ya mwenzake?

"Na vikapu? Walikwambia uuze na vikapu?"

"Nisiposuka, mikono inasahau. Wiki mbili tu, nashindwa kufunga kifungo. Na vikapu vikijaa nyumbani nivifanyeje, nivile?"

"Ungeuza sokoni. Hapa umefuata nini, penye kipimamkono?"

Fidea alishusha mikono ya gauni. "Nilitaka kusikia sauti ikisema mkono wangu unajulikana," akasema. "Nilidhani wewe umekufa."

Nje, ngoma za maandamano zilianza. Konsolata aliijua sheria, kila fundi alisomewa siku ya kusajiliwa: mwendo wa mkono uliochukuliwa kwa mtu aliye hai unafutwa pale mwenyewe anapoudai. Unafutwa wote, popote ulipo. Akidai, mikono ya Fidea ingekuwa nyama tupu kabla ya jua kuzama. Asipodai, mkono mmoja ungekuwa na majina mawili, na aliyeingia wa pili langoni ndiye mwigaji.

"Mkaguzi akija," alisema, "sema ukweli wako. Na mimi nitasema wangu." Akatoka bila kuaga.

*

Mkaguzi aliitwa Ngailo. Kwa kuwa sheria ya Ufalme ilimtaka kila mtu avae, alikuja akiwa zimwi, na kwa kuwa mkia wake wa sponji ulikuwa mrefu alikuwa ameukumbatia kwapani pamoja na faili. Hakutabasamu. Alikuwa mtu wa kushuku hata salamu. Alipoitikiwa "hatujambo" alikaa sekunde nzima akipima kama ni kweli.

"Nyote wawili mtasuka mbele yangu," akasema. "Wewe mama anza upya. Wewe dada endelea na hicho ulichofikisha mzunguko wa kumi."

Walikaa kwenye vigoda, magoti yakikaribia kugusana. Ngailo aliweka vipimamkono viwili vidogo chini ya kazi zao na kutazama mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja kwenye kioo. Aliishika pembe yake moja.

"Katika miaka yangu yote," akasema polepole, "sijawahi kuona hivi. Mmoja wenu ni mwizi mkubwa sana."

Konsolata alikuwa ameshaamua. Mkono ulikuwa wake. Aliupata kwa nyuki, kwa fimbo za mama, kwa usiku wa kibatari na vidole vilivyopasuka wakati wa baridi. Watafiti hawakuununua kwa sukari na sabuni. Alikuwa tayari kusema neno moja tu, na kinywa kilishafunguka.

Hapo mikono ya Fidea ikaingia mzunguko wa kumi na moja, na ikaachia.

Ilisimama hewani, viganja vikasogeleana bila kugusana, na kubaki hivyo. Fidea aliitazama kwa woga na subira, kama mtu anayengoja kwikwi iishe. Mstari wa kioo ukalala. Ngailo akainama. "Nini hiki? Mbona umeacha?"

"Sijui, baba. Huwa inaacha tu."

Konsolata alijua. Mama alikuwa mlangoni, vumbi la Kalenga miguuni, akiuliza habari za watoto. Alitaka kuitikia. Kisha mikono ikakamata nyasi na kuendelea.

"Mama Kindole," Ngailo akasema, akifungua faili. "Swali ni moja. Mkono huu wa huyu dada, ni wako?"

Konsolata aliiona fomu. Ilikuwa na sehemu ya kudai, sehemu ya kukana, na chini kabisa sehemu ambayo mafundi wa siku hizi hawakuitumia kwa sababu hawakuwa na subira ya wanafunzi: *nimemfundisha kwa hiari yangu*. Aliyetia dole hapo aliruhusu mkono wake ufuatwe, na alipoteza dai lolote, juu ya yeyote, milele. Wale wa gari jeupe wasingeulizwa neno.

"Nimemfundisha," akasema.

Fidea aliinua uso. Ngailo alifunga faili, akalifungua tena.

"Umemfundisha wewe. Na langoni ulisema humjui."

"Nilisema ndiye nani. Watu wanakua, baba, wanabadilika sura."

"Ulimfundisha lini?"

"Mwezi wa tano, mwaka wa mafuriko. Siku ya Alhamisi."

"Siku moja tu?"

"Siku nzima," Konsolata akasema. "Ni mwepesi wa kushika."

Zimwi lilimtazama Mchawi wa Milulu kwa muda mrefu, likijua linadanganywa na lisijue wapi. Hatimaye Ngailo alimsogezea fomu. Konsolata alitia dole, na lilikuwa zito kulitoa kwenye karatasi. Utepe wa njano ukakatwa.

*

Watu wangemsifu kwa huruma, kama wangejua. Lakini Konsolata hakupenda kujidanganya. Alipobaki na Fidea ndani ya pazia alikiri moyoni kwamba huruma ilikuwa nusu tu, pengine robo. Alikuwa amefanya choyo. Maadamu mikono hii ilikuwa hai, kila kikapu kilichofika mzunguko wa kumi na moja mama yake angekuja tena. Aliona haya kidogo, na furaha zaidi ya haya.

Akamweleza Fidea yote: salamu, siku ile, nani alisimama wapi. Fidea alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, dada yule alianza kulia kwa namna tofauti, bila sauti.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni mtu."

"Kwani ulidhani nini?"

"Kasoro. Nimewaandikia kituo, wanakuja Jumatatu kuiondoa. Huwa hainijii kwenye kusuka tu. Kazi yoyote ya kuzungusha, ikifika hesabu yake, mikono inaachia. Wiki ya Pasaka nilikuwa nakoroga uji, nikaachia sufuria. Mwanangu alikuwa miguuni."

Konsolata alikuwa na dole lake kwenye fomu, hakuwa na dai, lakini alijua kwamba akiomba isiondolewe atapewa. Fidea alikuwa wa kumpa chochote saa ile, hata sufuria nyingine. Ndilo lililomtisha.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitatu. Mguu unapona, ila kovu litabaki."

"Jumatatu waiondoe," Konsolata akasema. Ilimuuma kama jino. "Usiwaambie habari zangu, waiondoe tu. Una kingine kilichofika kumi?"

Fidea alifuta uso kwa bega, akatoa chini ya meza kikapu kidogo cha kuwekea chumvi, akakaa nacho kigodani. Alisuka taratibu. Konsolata alipiga magoti kwenye vumbi mbele yake, na viganja vya yule dada vilipoachia na kusogeleana, naye aliweka vyake pamoja.

"Kamwene, mama," akasema. "Tupo. Watoto hawajambo. Agripina ameolewa, yuko Makambako. Yuda anafundisha. Skola naye hajambo, ana mapacha, ungewaona." Alisema haraka, kwa sababu kuna mmoja ambaye mama hakuwahi kumuulizia, aliyezaliwa mwaka uliofuata. "Na kuna Benadeta, mama, huyu humjui, huyu ana..."

Mikono ikakamata nyasi na kukaza.